Mshika Kona wa Kilima cha Hollin

Nyumba namba 9, Mtaa wa Tenter,
Todmorden, Yorkshire.
6 Oktoba 1987

Mpendwa Shangazi Edna,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua. Hujambo wewe? Na bwana Colin, mgongo wake umetulia? Kondoo wenu wamezaa salama? Mama yangu anasema huko kwenu New Zealand sasa ndiyo majani yanachipua, na mimi nafurahi kujua kwamba kuna mtu wa ukoo wetu anayeota jua.

Sisi tu wazima kwa kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonikalisha hapa mezani na kalamu, wakati Robin amelala usingizi wake wa mchana.

Robin naye amekua. Hatembei, anakimbia. Akiona baiskeli yoyote anapiga kelele "Baba!", hata ikiwa ni ya mpeleka barua. Picha yake nimeitia humu ndani. Hiyo kofia ndiyo uliyomfumia wewe, haitaki kuvuka masikio tena.

Shangazi, nisikuzungushe. Tangu mwezi wa Mei nimekuwa naogopa kwamba nampoteza Neil. Kwanza nilidhani nampoteza kwa mwanamke. Sasa naogopa kikubwa zaidi, na katika ukoo mzima naona wewe ndiwe unayeweza kunisaidia. Acha nianze mwanzo.

Mzee Wilf Crabtree unamkumbuka, yule aliyekuwa fundi wa mashine za kufuma pamoja na kaka yako Ronnie, baba yake Neil. Siku hizi ndiye kiongozi wa kikundi cha baiskeli cha Jumapili. Tangu viwanda vifungwe, nusu ya wanaume wa bonde hili kazi yao ni kupanda vilima. Wanashindana kufika juu kama vile huko juu kuna mtu anaandikisha kazi. Neil alijiunga nao, nami nikafurahi, nikasema afadhali hayo kuliko kukaa kutazama ukuta.

Jumatatu sisi wake zao tunakutana kwenye duka la mashine za kufulia, kila mmoja na furushi lake la nguo. Sheila Barraclough alikuwa anafungua la mumewe huku ameziba pua. "Jamani, shati la Dennis hili linasimama lenyewe. Nikilifungulia mlango litakwenda kusaini posho ya wasio na kazi!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nimeshika shati la Neil mkononi. Lilikuwa kavu. Wenzake mgongoni wana ule mstari wa tope linalorushwa na gurudumu la nyuma, la kwake safi. Kwapani hakuna jasho. Lilinukia chai na siagi.

Sheila akanitazama, akalitazama shati. "Wako anapanda kilima gani, Janine? Cha mito ya kitanda?"

Shangazi, siku ile nilirudi nyumbani na nguo nusu zimelowa, sikungoja zikauke. Tangu hapo sikuwa na raha. Nikawa nanusa kola, napekua mifuko. Nikimuuliza mlikwenda wapi, ananijibu, "Juu." Mliona nini huko juu? "Ukungu." Mtu gani anaona ukungu kila Jumapili, hata ile siku jua lilipotuunguza pua?

Tena akaacha kumbeba Robin kupanda ngazi, ati mtoto ajifunze mwenyewe. Kitandani akawa analala ameegemea mito kama mtu anayesoma gazeti, uso ukutani. Nikasema basi, hanitaki tena.

Na jina la mwanamke nililipata. Chini ya kilima cha Hollin, pale lilipokuwa lango la kiwanda, kibanda cha mlinzi sasa ni mahali pa kunywa chai. Mwenyewe anaitwa Lorraine, ameachana na mumewe, nywele zake za manjano ya kupaka. Kikundi kinapanda Hollin kwa ile njia ya zamani ya mawe, kinazunguka juu, kisha kinarudi palepale kunywa chai kwake.

Nikueleze na desturi yao, maana bila hiyo hutanielewa. Kila njia panda Mzee Wilf anamwacha mtu mmoja asimame aonyeshe njia, mpaka wa mwisho kabisa apite, ili asipotee mtu. Wanaita kushika kona. Hakuna anayeipenda kazi hiyo, maana unapoa huku wenzako wanaondoka. Chini ya Hollin ndiyo kona mbaya kuliko zote, kwani anayeishika hata kilele hakioni, anabaki pale mpaka warudi. Na kila Jumapili Neil ndiye anayesema, "Niachieni mimi." Wanamsifu kwa roho nzuri! Mimi moyoni nikasema, roho nzuri na chai ya Lorraine.

Jumapili ya mwisho ya Septemba ilikuwa siku ya familia. Nikaazima baiskeli ya binti ya Mzee Wilf, Robin nikamwacha kwa bibi yake, Mama Hilda, mamake Neil. Neil hakupenda. "Utachoka, Jan. Hollin si mchezo." Nikamwambia nitachoka nikiwa pamoja nawe.

Tulipofika lango la kiwanda Mzee Wilf akapaza sauti, "Haya, nani anashika?"

"Mimi," akasema Neil, hata hakunitazama.

Nikapanda nao. Mawe yale yanatikisa mpaka meno, Shangazi. Nilipofika nusu, pale dohani la kiwanda linapokuwa sawa na macho yako, nikashuka, nikageuza baiskeli. Dennis akaniuliza, "Umeshindwa mara hii?" Nikamwambia nimesahau kitu. Nikateremka na breki zote mbili.

Neil alikuwa amekaa juu ya ukuta, ameinama. Lorraine amesimama karibu naye sana, mkono wake mgongoni mwa mume wangu, anamsugua taratibu kama mimi nilivyokuwa nikimsugua Robin mchanga acheue.

Nikasema kwa sauti wasikie mpaka kule mferejini. "Hongera, Neil. Kona imeshikwa, kweli imeshikwa!"

Lorraine hakuuondoa mkono. "Dada, utanitukana baadaye, nitakungoja. Kwanza njoo umtazame midomo."

Midomo yake ilikuwa ya buluu. Jasho lilikuwa usoni tu, jasho baridi. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayekunywa kwa mrija ulioziba, na hata kile kilima hakukigusa. Tulikuwa tumetoka mjini kwa njia tambarare tu.

"Ni upepo, Jan," akasema. "Nimemeza upepo."

"Upepo tangu Mei?" Lorraine akamkaripia. "Mwambie mkeo, mjinga wewe, au nimwambie mimi."

Nilimwomba radhi Lorraine, akanipa chai na skonzi. Kumbe Neil alikuwa anaogopa ugonjwa. Anaogopa mpaka hakutaka hata kutamka. Na kikundi kizima hakikugundua, maana ndiyo kwanza walikuwa wanamshukuru.

Nikampeleka mimi mwenyewe kwa daktari, nimemshika mkono kama mtoto wa shule. Daktari alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akapumzika, akasikiliza tena. Kisha akauliza baba yake alikufaje. Neil akajibu kama anavyojibu siku zote: aliteleza kwenye ngazi za kiwanda, yeye Neil akiwa mdogo. Daktari akauliza, "Una hakika?" Akatueleza kwamba kuna ugonjwa wa moyo unaotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kama baba naye alikuwa nao, basi Neil hatangoja zamu, atapelekwa hospitali kubwa mara moja, na Robin naye lazima apimwe. Kama aliteleza tu, tutangoja kama watu wengine, na foleni ni ndefu.

Unaona nilipo, Shangazi.

Nikaenda kwa Mama Hilda. Alikuwa anamimina chai. Akasema, "Ronnie aliteleza. Ngazi zilikuwa na mafuta. Tia sukari." Nikamwambia nimeshatia. Akanitilia tena, akatoka kwenda kuanua nguo, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, kambani hapakuwa na kitu.

Nikamwendea Mzee Wilf, alikuwa uani anatengeneza baiskeli. "Ronnie ateleze?" akasema. "Ronnie alikuwa akishuka zile ngazi na boriti begani huku anapiga mluzi..." Akajikatiza mwenyewe. Akaanza kupangusa mnyororo uliokuwa safi tayari. "Muulize Edna, mwanangu. Edna ndiye aliyekuwa naye chumba kimoja cha mashine siku ile."

Sasa nikueleze ninavyoshuku, na unisamehe. Ile nyumba ya Mama Hilda ilikuwa ya kiwanda. Mjane wa mtu aliyekufa kwa ajali kazini waliona haya kumtoa. Mjane wa mtu aliyekufa kwa moyo wake mwenyewe angepewa notisi, na watoto mkononi. Wewe nawe ukahamia New Zealand kabla mwaka haujaisha. Kama mlikubaliana, mlifanya vema, watoto walihitaji paa, na mimi ningefanya vilevile. Lakini kiwanda kimekufa, Shangazi. Nyumba Mama Hilda aliuziwa zamani. Hakuna tena wa kumtoa mtu.

Siku hizi namshuku kila mtu, hata wewe, na ninaona aibu kuandika hivyo. Nimesoma tena kadi yako ya Krismasi. Umeandika, "Mwambie Neil asijichoshe." Kwa nini uliandika vile, kwa kijana wa miaka ishirini na minane?

Sijakata tamaa. Daktari anasema vidonge vipo, na wanaogunduliwa mapema wengi wao wanazeeka. Nataka Neil azeeke, Shangazi. Nataka awe kama Mzee Wilf, anachosha watu kwa hadithi zilezile, na mimi nimeketi pembeni namwambia nyamaza wewe.

Neil hajui kwamba nimekuandikia. Jibu lako lipeleke kwa mama yangu, anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Mama Hilda sitamgombeza, nakuahidi. Nitakayemwambia ni daktari tu.

Nisalimie bwana Colin, na Pauline na mumewe, na Denise. Robin anakubusu, na mashavu yake yana jamu. Mungu awalinde huko mliko, na wewe akupe mkono mwepesi wa kuandika.

Usiniandikie ya kunituliza. Nijibu hili moja tu: Ronnie aliteleza akafa, au alikufa ndipo akaanguka?

Ni mimi nikupendaye, lolote utakalojibu,
Janine