Hodi ya Baba Makunduchi

Mjukuu wangu Salma,

Sisi huku Maskati wazima, alhamdulillah. Mamako kashahamia mtaa wa Wattaya. Babu yako Nassor, kaka yangu, bado kaninunia. Nilipousoma mlango wa kwanza wa kitabu changu mbele ya watu, alinyanyuka akatoka.

Nawe waniuliza kwa nini historia ya Zanzibar nimeianzia kwa Wahadimu, wenyeji wa kusini ya Unguja, na si kwa wazee wetu waliotoka Oman.

Nilipokuwa msichana, baba alitaka kujenga Makunduchi, huko kwa Wahadimu. Akanichukua kwa mvyale, bibi mwenye dhamana ya ardhi ya pale. Njiani nikamwuliza, "Baba, si ushapewa ruhusa mjini?"

"Na serikali," akanijibu. "Wenyewe bado."

Alivua viatu, akapiga hodi, akasimama juani mpaka akaitikiwa. Yule bibi akatutangulia kiwanjani, akawaomba wazee wake waliokwisha kufa, ndipo baba akachimba msingi.

Nassor asema nimemfanya baba mgeni. Mie sikumfanya kitu. Alipiga hodi mwenyewe, na mwenye nyumba hapigi hodi kwake.

Bibi yako,
Zuwena