Laptop Imerudi, Harusi Haikurudi

Alhamisi, jioni. Nje kuna ule upepo wa vumbi unaoshuka kutoka mlima Menengai na kupaka kila kitu rangi ya chai ya maziwa, pamoja na shuka nilizozifua asubuhi. Bado ziko kwenye kamba. Ninaziona kupitia dirisha zikipigwa, na sina nguvu za kwenda kuzitoa.

Blogu hii niliifungua niandike furaha. Tangu tuoane nimeandika kuhusu mapazia yetu, kuhusu chapati zangu za kwanza ambazo Kibet alizila zote akasema moja ina umbo la ramani ya Kenya, na kuhusu vile anavyoniita "mke wangu" mbele ya watu hata pale ambapo jina langu, Njeri, lingetosha. Bado moyo wangu unaruka nikisikia funguo zake mlangoni. Hilo halijabadilika.

Lakini leo nina uchungu, na sijui mtu mwenye furaha kama mimi huuweka wapi uchungu wa aina hii.

Leo tumeichukua laptop yetu dukani kwa mara ya pili. Imepona. Inawaka haraka, haina hata alama ya kidole. Kitu kimoja tu hakimo, na ndicho tulichoipelekea.

Nianze na CD.

Mtu wa video alituletea CD ya harusi Jumapili moja baada ya kanisa. Moja tu. Akasema yeye akishakabidhi CD hufuta kwa mashine yake, maana harusi ni nyingi na nafasi ni ndogo. Hatukujali. Laptop tulikuwa nayo, zawadi ya wenzake Kibet wa kule Rongai anakofanya kazi kwenye ghala la mahindi. Waliichagua kwa makusudi. Walisema laptop nyingi za siku hizi hazina mahali pa kuingiza CD, na bibi harusi atajionea wapi? Ilikuja mpya, kwenye boksi lake, na waranti ya mwaka mmoja.

Nilipika chai, nikakata mkate wa siagi, tukakaa chini kwenye mkeka kwa sababu viti bado hatuna. Tukaingiza CD. Nikajiona naingia kanisani nimeshikwa mkono na baba yangu, na Kibet anajifuta macho akijifanya ni jasho. Nilimbusu shavuni papo hapo. Tukaona pete. Tukaona kwaya ya mama zangu wa Gilgil. Kisha baba mkwe akasimama, akavua kofia, akafungua mdomo aongee.

Laptop ikakwaruza kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua, na picha ikasimama.

Baba mkwe akabaki hivyo, kofia kifuani, mdomo wazi. Tulibonyeza kila kitu. CD haikutoka. Tulizima, tukawasha, haikutoka.

Ingekuwa sehemu nyingine yoyote ya harusi ningecheka. Lakini sehemu hiyo ndiyo Gogo anayoingojea.

Gogo ni nyanya yake Kibet, mama ya baba mkwe. Anaishi Molo, na miguu yake na baridi ya huko haviivani tena, kwa hivyo hakuja harusini. Aliyekwenda kumpa habari ni shangazi yake Kibet, na shangazi alikuwa ametoka kanisani mapema ili awahi gari la kurudi. Akamwambia alichokiona: kwamba watu waliongea na wakashukuriwa, na Gogo hakutajwa na mtu. Shangazi hakudanganya. Mpaka anatoka, hakuna aliyekuwa amemtaja.

Baba mkwe aliongea mwishoni kabisa. Na alimtaja. Alimtaja hadi kanisa zima likasimama.

Baba mkwe alienda Molo kumweleza. Gogo akamwambia, "Wewe lazima useme hivyo. Ni wewe mwenye makosa." Kibet akampigia simu, akajibiwa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Simu za wageni hazikusaidia, kwa kuwa pasta alikuwa ametangaza zizimwe na kazi ya picha aachiwe mtu wa video. Basi tukamwahidi Gogo: CD ikitoka tutakuja na laptop, utajionea kwa macho yako. Akasema sawa, atangoja CD. Tangu hapo kila akipiga simu hasemi mengine. "CD imekuja?"

Kwa hivyo ilipokwama, Kibet alisema twende kwa fundi aliye karibu na soko, atoe kwa bisibisi tunywe chai yetu. Mimi ndiye niliyekataa. Kulikuwa na karatasi ndogo ya fedha imebandikwa chini ya laptop, imeandikwa kwamba akiifungua mtu mwingine, waranti imekufa. Nikamwambia, "Mpenzi, sisi tuna waranti." Nililitamka kama mtu anayesema tuna Mungu.

Siku hizi mimi naamini ahadi. Nimetoka kutoa moja mbele ya watu na kupokea moja. Nilidhani kampuni ikisema mwaka mmoja, nayo imesimama madhabahuni.

Kijana wa dukani, hapo mjini, alinipa simu niongee mwenyewe na watu wao wa Nairobi. Dada wa upande ule akaniuliza shida ni gani. Nami nilifanya somo la kompyuta hadi kidato cha nne, sikutaka kuonekana mshamba anayesema CD kwa kila kitu kilicho mviringo. Nikasema vizuri kabisa, "Diski imekwama."

Diski. Nilijisikia msomi.

Laptop ikaenda Nairobi, ikakaa. Tulipiga simu tukaambiwa iko kwenye foleni. Tukapiga tena tukaambiwa spea inasubiriwa. Gogo naye alipopiga, tukamwambia iko kwenye foleni. Akauliza, "CD moja inapanga foleni na nani?"

Iliporudi tuliiwasha hapo hapo dukani. Ilikuwa tupu. Picha zetu zote za uchumba tulizokuwa tumezihamishia humo, ile ya Ziwa Nakuru siku Kibet aliponiuliza swali huku nyani akimwibia ndizi mkononi, zote hazipo. Na ukiitingisha laptop taratibu, unasikia CD ndani, tk, tk.

Walikuwa wametubadilishia diski. Ile nyingine, ya ndani, inayohifadhi vitu. Kijana wa dukani akanieleza kwa upole ambao uliniuma kuliko matusi. "Madam, ulisema diski. Kwa mafundi, diski ni hiyo ya memory. Ungesema tu CD."

Kibet alinishika mkono chini ya kaunta. Kama kuna mwanamke anayesoma hapa na hajaolewa, tafuta mtu atakayekushika mkono chini ya kaunta. Hakusema lolote kuhusu fundi wa sokoni. Hata leo hajasema.

Basi mara ya pili nikasema CD. Nilimpigia yule dada nikarudia pole pole, kama naongea na mtoto: shida ni CD. CD haitoki. Tunataka CD. Akasema ameelewa, ameandika CD. Akaniuliza kama kuna kingine angeweza kunisaidia. Nikamuuliza, "Kingine? Kwani cha kwanza kilikuwa kipi?" Akanitakia siku njema.

Na leo imerudi.

Kibet aliomba ruhusa kazini, akatoka Rongai na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Kijana akaiweka laptop juu ya kaunta na kubonyeza kitufe cha pembeni. Kile kisahani cha kuwekea CD kikatoka laini, bila kelele, kama ulimi wa mtoto anayekuonyesha kwamba ameshameza dawa.

Kitupu.

Nikamuuliza CD iko wapi. Akasema, "CD ni hii hapa, madam, mpya kabisa." Akakigusa kile kisahani. Nikamwambia si hii, ile iliyokuwa ndani. Akamwangalia Kibet, akaiangalia laptop. Nikaona anavyoelewa, pole pole, na nikamwonea huruma kwa sekunde moja halafu nikaacha.

Hapa kwetu mdomo wa laptop tunauita CD. Na kinachoingia mdomoni tunakiita CD. Nairobi walisikia CD haitoki, wakang'oa mdomo mzima na kilichokuwa ndani yake, wakatia mwingine.

"Boss," Kibet akasema, "tupatie tu ile ya zamani. Hata kama imevunjika."

"Ile ya zamani hairudi kwa mteja. Ikibadilishwa kwa waranti inakuwa ya kampuni. Hiyo ni policy."

"Na harusi yangu pia ni ya kampuni?"

Kijana akapiga simu Nairobi. Alipiga kwa bidii, siwezi kumnyima hilo. Akajibiwa kwamba vipuri vibovu vilishachukuliwa vikasagwa, na vikisagwa havina wa kuviulizia. Aliifunika simu kwa mkono akituambia, kama daktari. Mzee mmoja aliyekuja kununua chaja akauliza nani amekufa.

Tulipofika nje simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka kwa kampuni. Wamefurahi kunihudumia, niwape nyota, moja hadi tano. Niliusoma nimesimama kando ya barabara, vumbi likiniingia machoni, na sitaandika hapa nilichowajibu kwa sababu mama yangu husoma blogu hii.

Nimeolewa na mtu mwema na nimevaa pete inayong'aa, na bado nimelia leo kama mtu aliyeporwa. Picha za Ziwa Nakuru tutapiga nyingine, nyani bado wapo. Pete ziko. Lakini baba mkwe alipata siku moja ya kusimama mbele ya watu wa Gilgil, watu asiowajua, na kumheshimu mama yake, na siku hiyo imesagwa huko Nairobi na watu wanaotaka nyota.

Kibet alisema tumwambie Gogo bado iko kwenye foleni. Kwa mapenzi tu, tusimvunje moyo. Nilikataa. Nimeshiba foleni.

Nikampigia mimi mwenyewe. Nikamsalimu chamgei, kwa lugha yao, vile Kibet alivyonifundisha, naye akacheka matamshi yangu kama kawaida. Halafu nikamwambia. Nilimweleza kuhusu diski na kuhusu CD na jinsi maneno yangu mawili yalivyokula kila kitu.

"Kwa hivyo mashini imekula mimi," akasema.

"Ndiyo, Gogo."

"Na wewe ulikuwa hapo kanisani? Mpaka mwisho?"

"Nilikuwa bibi harusi, Gogo. Ningeenda wapi?"

Akacheka kidogo, si sana. Nikaanza kumwambia aliyosema baba mkwe. Akanikata. "Usiniambie kwa simu. Kuja Jumamosi. Utasimama mbele yangu, nikiangalia macho yako."

Nikamuuliza kwa nini mimi, na si Kibet, na si baba mkwe mwenyewe. Nilitaka kujua kweli.

"Hao ni wangu, watanidanganya vizuri," akasema. "Wewe bado mgeni. Hujajifunza kudanganya kwa ajili ya hii nyumba."

Tangu akate simu nimekaa na maneno hayo. Nusu yake inanichoma. Nimeitwa mke kila asubuhi, na Molo mimi bado ni mgeni. Nusu nyingine, sijui niiiteje. Sijawahi kuaminiwa kwa sababu kama hiyo.

Na akiyatazama macho yangu asione kitu? Ushahidi sina. Nina maneno tu, na maneno yangu, tumeshaona yanavyofanya kazi.

Lakini yale ya baba mkwe ninayakumbuka yote. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, shela imeniziba nusu ya uso, Kibet ananifinya kidole. Baba mkwe alivua kofia, akaiweka kifuani, akafungua mdomo. Akasema, "Mama yangu miguu imemkatalia kuja. Leo mimi ni mdomo wake. Na hapendi kuongea na watu waliokaa." Ndipo kanisa zima likacheka, na likasimama.

Kibet anazitoa shuka kwenye kamba sasa. Anazikung'uta moja moja, anaimba vibaya. Laptop iko juu ya meza, nzima, na waranti yake bado ina miezi.

Jumamosi tutaiacha hapo hapo. Nitapanda kwenda Molo na sweta na mkate wa siagi, niingie kwa Gogo, nimwombe Kibet kofia yake. Nitaiweka kifuani. Na kabla sijafungua mdomo, nitawaambia wote waliomo humo ndani wasimame.