Miche Iliyozikwa na Viriba Vyake

4 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima, ila goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda mteremko. Wewe hujambo? Mkeo na watoto je? Natumaini wote wazima.

Nakuandikia barua kwa sababu simu siitaki. Kwenye simu unanishinda. Kusema ndiyo kazi yako, kiwanda kinakulipa kwa hiyo. Kwenye karatasi hutanikatiza.

Ndani ya bahasha hii utakuta kifuko cheusi cha plastiki chenye udongo. Usikitupe. Ni kiriba. Nimekitoa ardhini leo asubuhi, kwenye ukingo wa kijito, pale watu wa kiwanda chenu walipopanda miche yetu mwezi wa nne mbele ya kamera. Mche ulikuwa umekauka ndani yake, mizizi imejizungusha humo humo, imekosa pa kutokea. Nikachimba wa pili, nikachimba wa tatu. Nimechimba ishirini. Yote imezikwa na viriba vyake.

Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba kiriba huchanwa kabla mche haujaingia shimoni. Miche elfu moja, mdogo wangu. Kina mama wa kikundi tuliiotesha mwaka mzima kwa maji ya kubeba kichwani. Mama Ndoo, unamkumbuka, mwenye nyumba ya mwisho kule chini, alikuwa wa kwanza kitaluni kila siku. Wewe ulikuja hapa, ukakaa kwenye kiti changu, ukasema, "Dada, tupeni miche, kiwanda kitaleta watu wa kuipanda, nyinyi mtapumzika." Nikasema huyu si mtu baki, ni damu yangu. Nikakupa.

Unajua pia kwa nini ukingo ule unataka miti. Kijito kimeshakula nyumba tatu, na sasa kiko hatua tisa kutoka jiko la Mama Ndoo. Nimezipima kwa miguu yangu. Manispaa ilitupa ukingo kwa majaribio tu. Mwezi wa nane wanakuja kukagua, na kama nusu ya miche haiko hai, ardhi inarudi kwao. Kiwanda chenu kimeshaomba kipewe, kifanye maegesho ya malori.

Miche mia mbili iliyosalia, tuliyoipanda wenyewe jioni ile wageni walipoondoka, yote ina majani. Sasa niambie, ile mingine nani aliizika hivyo, na kwa nini?

Dada yako

15 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno na anamuuma kila anayemshika. Pole na goti, likande kwa maji ya moto.

Kwanza, tafadhali usinitumie barua ofisini tena. Sekretari alifungua bahasha, udongo ukamwagika juu ya kalenda ya meneja. Ilibidi niseme ni sampuli.

Pili, hasira hasara. Siku ile palikuwa na watu mia mbili, mgeni rasmi, bendi na waandishi wa habari. Mimi ni msemaji wa kiwanda, si bwana shamba. Kama wafanyakazi walikosea, walikosea kwa nia njema. Mvua nazo zilikuwa haba, wewe mwenyewe ulilalamika. Tusitafute mchawi, dada.

Nimezungumza na meneja. Yuko tayari kuwapa miche mingine mia tano na fulana za kijani, zenye nembo ya kiwanda na ya kikundi bega kwa bega. Mtapendeza.

Mdogo wako

22 Juni

Mdogo wangu Msemaji,

Salamu. Afya yangu nzuri. Hasira zinanipa nguvu, hata goti limenyamaza. Huyo mtoto anayeuma watu amerithi kwa shangazi yake.

Fulana zenu futieni malori.

Jana niliitwa na afisa mazingira wa manispaa. Ni binti mdogo, mpole, aliona haya hata kunitazama. Akanipa nakala ya ripoti ya kiwanda. Ukurasa wa pili imeandikwa, nanakili neno kwa neno: "Miche ilipandwa kitaalamu, ila imekufa kwa kukosa matunzo ya jamii husika. Inapendekezwa eneo lipangiwe matumizi mengine." Chini kuna sahihi. Ni ile yenye mkia mrefu, uliyokuwa ukijifunzia nyuma ya madaftari yangu ya shule, nikapigwa mimi na mwalimu kwa kuyachafua.

Kukosa matunzo! Mama Ndoo ana miaka sabini na moja. Amebebea maji miche iliyokwisha kufa mpaka juzi juzi, kwa sababu hakutaka kuamini. Mimi ndiye niliyemwambia aache, na alilia mbele yangu. Wewe umekaa ofisini kwenye feni ukaandika kwamba hakutunza.

Nilikubeba mgongoni. Nilikufundisha kusoma kwa kijiti na mchanga, hapo hapo uani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yenyewe niliifua na kuinyoosha kwa mikono yangu ukaivae kwenye usaili wa hiyo kazi.

Nina swali moja tu, na usinijibu kama msemaji. Siku ile ulijua au hukujua?

Dada yako

30 Julai

Dada,

Shikamoo. Watoto wazima, mama yao pia.

Barua hii nimeianza mara nne, ndiyo maana nimechelewa. Nilijua.

Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili, na alipofika akasema ana dakika arobaini tu. Mtunza bustani wetu, yule mzee wa kofia pana, alinifuata mwenyewe. Akaniambia, "Bosi, hawa watu hawajui kuchana viriba. Tupande mia moja vizuri, hii mingine tuwaachie kina mama." Nikamjibu, "Pandeni hivyo hivyo, kamera hazioni chini ya ardhi." Ndivyo nilivyosema, dada, na waliokuwa karibu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wao.

Miche ilipoanza kukauka meneja alitaka jina la mtu. Nikampa la mtunza bustani. Alifukuzwa mwezi wa tano, baada ya miaka kumi na tisa, kwa kosa la uzembe. Barua ya kumfukuza niliiandika mimi, kwa kuwa pale ofisini mimi ndiye mwenye lugha nzuri. Ile ripoti nayo niliambiwa niandike, nikaandika. Wanautaka ukingo tangu zamani, na miche iliyokufa iliwafaa kuliko iliyo hai.

Sina la kujitetea. Nakuomba kitu kimoja tu. Nyumba tunayokaa ni ya kiwanda, na shule ya watoto ni ya kiwanda. Barua hii ni ya macho yako peke yako. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Mdogo wako

14 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Hapa tu wazima.

Sikuichoma.

Jana ilikuwa siku ya ukaguzi. Tulianzia kwenye ukumbi wa manispaa, watu kama mia hivi. Meneja wako alisimama akasoma ripoti yako. Anasoma vibaya, anameza maneno, lakini kila mtu alielewa: kina mama ni wavivu. Nikamwona Mama Ndoo anainamisha kichwa, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Hapo nikasimama. Nikasema hata mimi ninayo ripoti, na mwandishi ni yule yule.

Nilisoma kuanzia "Nilijua" mpaka pale kwa mtunza bustani. Penye watoto sikupasoma, nilikunja karatasi. Meneja alisema barua ni ya kughushi. Binti wa mazingira akasema jambo hilo ni rahisi, twende tukachimbe. Tukatoka wote, wakubwa na viatu vyao, na diwani mwenyewe akashika jembe. Kiriba cha kwanza, cha pili, cha kumi. Meneja alikuwa ameshaingia kwenye gari.

Manispaa imekubali kwamba ukingo ni wetu, tena si kwa majaribio. Malori yatafutiwe mahali pengine. Tuliikagua ile miche yote tuliyodhani imekufa, na kama mia tatu mizizi yake ilitoboa kiriba kwa chini, bado ina uhai. Viriba vikichanwa kabla ya mvua itapona, ila mikono yetu ni michache.

Najua nilichokifanya. Ulinipa siri nikaianika. Ingekuwa siri inayokuumiza wewe peke yako ningezikwa nayo. Lakini ilikuwa imemkalia mzee wa watu kifuani, na Mama Ndoo pia, nao hawakukukosea kitu. Siombi radhi. Nina hasira na wewe, na tangu jana nina hasira na mimi mwenyewe, sijui nianze na ipi. Mambo yakikuharibikia huko, njooni. Vyumba viwili viko wazi.

Dada yako

2 Septemba

Dada,

Niliachishwa kazi siku ile ile ya ukaguzi. Meneja alinipigia simu akiwa ndani ya gari, akanisomea maneno yangu mwenyewe, aliyokuwa ameyashika kichwani. Barua yako ilifika siku nne baadaye. Hilo ndilo linaloniuma. Ungenipigia hata dakika tano kabla. Ningekataa, na wewe ulijua ningekataa, ndiyo maana hukupiga. Usiniambie vinginevyo, umenilea, najua unavyofikiri.

Mke wangu hasemi na mimi, na yuko upande wako. Nyumba tunaiachia mwisho wa mwezi. Tutakuja hapo kwa sababu hatuna pengine, usidhani kuna sababu nyingine.

Juzi nilikwenda kwa mtunza bustani. Nilikuwa nimeyapanga maneno, mazuri, unanijua. Aliniacha niyamalize yote, kisha akaniuliza, "Kiriba unajua kukichana?" Nikasema sijui. Akasema basi nimepoteza saa nzima ya watu wawili, na kwamba nikitaka kusema naye tena nije na koleo. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tutakuwa ukingoni, yeye na mimi, kwa ile mia tatu. Yeye ataonyesha, mimi nitachimba. Kwa Mama Ndoo nitakwenda mwenyewe, usinitangulie kumwambia chochote.

Usije kunipokea, na chai usiniletee. Nina hasira, dada, na nataka nichimbe nayo.

Wasalimie wote hapo. Wewe sikusalimii bado.

Mdogo wako