Visiwa Tisa Bila Gesti

Jumatano asubuhi. Manyunyu tangu alfajiri, Kewanja yote imekuwa tope, na mabega yananiuma kama ya mtu aliyebeba lori badala ya lori kumbeba yeye. Shajara, leo nimechoka. Naandika kwa kidole kimoja kwenye ukurasa huu wa mtandaoni alionifungulia mpwa wangu, kwa hiyo nivumilie.

Wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kuchoka. Nimezifukuza rashi za dhahabu, zile mbio za kukimbilia inakotoka, tangu kidevu changu kikiwa na ndevu tatu. Wakisema imetoka mahali, mimi nafika kabla ya aliyesema. Kuna duara moja, yaani shimo la mchimbaji, nililichimba kwenda chini mpaka nikasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikohoa. Anayebisha aje tukae.

Safari hii mwamba ulinikubali. Sisemi ulinipa kiasi gani, mchimbaji hasemi. Nikaona wakati umefika wa lile jambo ambalo nimelitangaza miaka mingi, la kuzunguka visiwa. Tena si kimoja. Ukerewe na Ukara kwanza, ili miguu izoee maji. Halafu kushuka pwani, Unguja, Pemba, Mafia. Kisha Komoro, Madagaska, Shelisheli, na kumalizia Morisi. Tisa. Nimevichora vyote nyuma ya kalenda ya mwaka jana, na mishale inayotoka kimoja kwenda kingine, kama tunavyochora njia za chini ya duara. Shule niliiachia darasa la tano, lakini kwenye mishale sikosei.

Nikiri kitu hapa. Kijiweni, wanakoniita Kapteni, nimewahi kusema niliizunguka Ukara kwa kuogelea, mamba wakinipisha. Ukweli ni kwamba maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuvuka ni ya Mto Mara, na nilipita juu ya daraja.

Sehemu ya mpango niliyokuwa nikijivunia kuliko zote ni ya malazi. Gesti haikuwemo hata moja. Sisi Wakurya mtu akiwa safarini haulizi gesti, anauliza rika lake, yaani waliotahiriwa naye msimu mmoja. Ukimpata mmoja tu, umepata nyumba. Atakulaza, atakulisha, na mkewe atakuita shemeji hata kama hajawahi kukuona. Hivyo ndivyo nilivyolala kila penye dhahabu, huku Tarime mpaka huko Serengeti, na bei ya kitanda siijui. Nikasema visiwani nako kuna wanaume, na wanaume wana rika. Nitashuka kwenye boti nitauliza.

Jana asubuhi nikaenda na mke wangu, Mama Bhoke, Tarime mjini kwa fundi Bakari, amshonee gauni la safari. Bakari ni mtu wa hapa hapa lakini baba yake alitoka Pangani, na ana shangazi Pemba mpaka leo. Nikamweleza mpango wangu wote, hata hilo la rika. Akasimamisha cherehani. Akaniuliza kwa upole, huko Pemba nani atakuwa anaujua msimu wetu wa tohara wa huku Tarime?

Nikamwambia mwanamume hakosi watu.

"Watakupokea, kaka, kule ni wakarimu," akasema. "Lakini si unajua, mgeni siku mbili."

Nikamalizia mwenyewe kwamba ya tatu wanipe jembe, na wakinipa watakuwa wamenipatia, maana kazi yangu ni kuchimba. Bakari akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Na mimi nikacheka. Ila nilipoacha kucheka nikawaza. Hapa nikipiga chafya, watu kumi wanajua ni Kapteni aliyepiga. Huko nitakuwa mzee tu mwenye begi.

Mama Bhoke hakucheka.

Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kigoda, kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi kikiwa mapajani, akaanza kunitajia watu. Hakugomba, alitaja tu. Marwa na wenzake, mwaka ule wa rashi ya kwanza. Wale wanne wa kutoka Mugumu waliosema siku mbili wakakaa mwezi. Wale wa kutoka Sirari. Wote walilala kitandani kwetu, na yeye na watoto wakalala jikoni. Akasema Bhoke alizaliwa Ijumaa, na Jumapili yeye alikuwa amesimama anasonga ugali wa wanaume sita waliokuja wakifuata uvumi.

Hao sita nawakumbuka kwa majina. Nakumbuka hata kwamba tulikula mbuzi.

Aliyepika simkumbuki.

Halafu akasema, na haya nayaandika kama alivyoyasema: "Baba Bhoke, visiwa vyote tisa nakwenda. Lakini kila kisiwa nataka kitanda ambacho sikukitandika mimi, na mlango wenye ufunguo. Kama ni safari ya kwenda kutafuta rika lako, nenda nalo. Mimi nakwenda kwa dada yangu Mugumu, na sijui nitarudi lini."

Alikuwa anakikunja kile kitambaa. Mwanamke akikupigia kelele una nafasi ya kujitetea. Akikunja kitambaa huna.

Mara nikasikia hodi. Marwa, Mwita na mwenzao, wote wa rika langu, matope mpaka magotini, sururu begani. Rashi imetoka upande wa Serengeti, wakasema, watu wanamiminika, wao wanaondoka alfajiri. Wamekuja kulala na kunichukua. Marwa alishaanza kuvua viatu. Na Mama Bhoke alishaanza kuinuka.

Hapo ndipo nilipoona anavyoinuka siku hizi. Kwanza mkono unashika goti, anapumua, halafu mgongo unafuata. Sijui alianza lini kuinuka hivyo.

Kuwafukuza siwezi. Mtu halifukuzi rika lake, hata awe na sababu gani. Lakini mguu mmoja wa mke wangu ulishaingia jikoni, na moyoni nilijua akisonga ugali ule, kesho yake yuko kwenye gari la Mugumu. Nikamfuata, nikamnyang'anya mwiko. Nikamwambia aende chumbani, ajifungie. Akanitazama kama anavyotazamwa mlevi. Kisha akaenda, na nikasikia komeo.

Shajara, mimi nina binti aliyeolewa. Sijawahi kusimama mbele ya sufuria linalochemka tangu nitoke jandoni.

Marwa akaja kusimama mlangoni mwa jiko. Akaangalia mwiko, akaniangalia mimi.

"Mura," akaniita kama tunavyoitana wanaume wa Kikurya, "tangu lini rika letu linapika?"

Nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, tayari kabisa, kwamba melini kapteni ndiye hupika, na mimi nafanya mazoezi. Wangecheka, yangeisha. Sijui kwa nini sikuutoa.

"Tangu leo," nikasema. "Mke wangu amechoka."

Mwita akauliza kutoka sebuleni kama shemeji anaumwa. Nikasema haumwi, amechoka. Wakatazamana, kama watu walioambiwa neno la lugha nyingine. Na mimi nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza likitoka kinywani mwangu kwa ajili yake. Kuchoka ni neno nililokuwa nikijiwekea mwenyewe.

Ugali ulikuwa na mabonge, dagaa wamezidi chumvi. Marwa akatafuna muda mrefu, akasema amekula kibaya zaidi mahabusu, lakini si kwa mbali. Wakalala chini sebuleni bila kuulizia kitanda, na mimi nikajilaza pembeni yao.

Alfajiri ya leo wakasimama uani na sururu zao wakinisubiri. Nisiseme uongo, miguu yangu ilitaka kwenda. Miguu yangu inazijua rashi kuliko inavyoijua nyumba hii. Nikawaambia nina safari. Marwa akasema rashi haimsubiri mtu, na kwamba habari za Kapteni na mwiko zitafika kwenye maduara kabla yao. Hilo najua. Mpaka mchana huu nitakuwa na jina jingine, na silitazamii kuwa zuri.

Tangu waondoke nimekaa na kalenda. Pembeni ya kila kisiwa nimeandika gesti. Nimejaribu kufikiri, na kwa gesti kile nilichopata hakinifikishi Morisi. Hata Komoro sijui. Labda kitaishia Mafia. Basi kiishie Mafia. Watakaouliza vile vinne vilivyobaki nitawaambia vilikuwa vimejaa.

Sasa ni saa mbili, na Mama Bhoke hajaamka. Nimewamwagia kuku chakula mbali huko, karibu na choo, wasije wakamlilia dirishani. Nimekwenda mlangoni taratibu. Mlango bado umekomewa. Nikatega sikio, nikasikia anakoroma, mkoromo mzito wa mtu aliyeshushiwa mzigo.

Sikujua kwamba anakoroma.

Tumeoana miaka yote hii. Mimi nilikuwa nalala wapi?