Nyanya Iliyoolewa na Biringanya

Mama,

Nyanya zimesimama. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya salamu. Jua la saa saba la hapa Pap Onditi unalijua, lakini hakuna mche uliolala.

Ulipotuacha, shemeji alitaka shamba la chini lipandwe mikaratusi. Alisema udongo ule umekufa. Na kweli, alikuwa ameona nyanya zetu zikinyauka zingali kijani, nasi tukikimbia na ndoo tukidhani ni kiu. Kumbe maji yetu wenyewe ndiyo yaliyokuwa yakimbeba bakteria kutoka mche mmoja hadi mwingine.

Nakumbuka siku afisa wa kilimo alipotueleza. Mzizi hutoa utomvu, na bakteria aliye udongoni huinusa harufu yake akaufuata. Wakiwa wachache hutulia. Wakishajuana kwamba ni wengi, hutoa ute wakaziba njia za maji. Lakini mzizi wa biringanya huwatambua mapema, ukakaza kuta zake wasipande juu. Ulipiga makofi. "Haki, kumbe hii mizizi inasikianga!" Ukashika wembe, ukaunga kichwa cha nyanya kwenye shina la biringanya, kisha ukanitania, ukiniita binti wa Otonglo kama kawaida yako: "Nyar Otonglo, huyu ameolewa kama wewe. Wacha akae kwa kivuli kwanza, asilie."

Nilicheka, lakini iliniingia. Nilipokuja hapa kama bibi arusi kutoka Otonglo, hukunituma shambani. Ulinipikia, ukaniacha nizoee. Asante, Mama. Asante sana. Sijui kama niliwahi kukuambia.

Msimu huu ilibidi nitangulie kupanda, kwa kuwa mimi ni mke wa mwanao mkubwa, na kwa desturi hakuna mwingine hapa nyumbani ambaye angetia mbegu kabla yangu. Wake za shemeji walinisubiri. Nikapanda miche ya kuungwa pale pale shamba la chini, shemeji akinitazama. Juzi alikuja kuniomba miche yake. Habari za mikaratusi hakuzigusa, nami sikumkumbusha.

Shamba la chini nitalilima maadamu nina nguvu, Mama, na wembe nitauchoma motoni kabla ya kila mche usibebe ugonjwa, kama ulivyotaka. Pumzika sasa.

Jana mke mpya wa jirani aliniuliza nani alinifundisha kuunga. Nikamjibu, mama yangu. Akauliza, yule wa Otonglo? Nikamwambia hapana, yule wa hapa.