Kikombe cha Mama Mkwe

Furaha mjukuu wangu,

Hapa Uvira tuko wazima, na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, zimejaa tena sokoni.

Unaniuliza kwa aibu kama mashanza, haya maziwa ya kuganda, yanasaidia mwenye mimba akifunga choo. Mimi yalinisaidia, nikiwa na mimba ya baba yako kule Runingu. Shida hiyo nilimficha mama mkwe. Mke mgeni hakuwa akila wala kunywa mbele ya mama mkwe.

Asubuhi moja mama mkwe, alipoona ninavyohangaika, akaleta vikombe viwili vya mashanza ya Bijombo, kule milimani, akaketi karibu yangu, akanywa chake kwanza.

"Kunywa, binti. Hata miye tumbo lilinifungaga."

Aibu iliisha kabla ya kikombe.

Tumbo likikataa, mwambie muganga wa hospitali. Lakini kwanza nunua mashanza, unipigie simu. Nitaanza kunywa mimi.

Nyanya yako