Mitungi Niliyomchagulia Marek kwa Jicho

Norwei, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limepoa, na kibanda chako cha mitumba hapo sokoni Mbalizi hakijaguswa na ule upepo ulioezua mabati ya jirani. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kunihurumia, nami sistahili kuhurumiwa kabla hujasikia yote.

Mama, ile habari niliyokupigia ukaitangaza sokoni, kwamba nimemwokoa mwenzangu chini ya maji, ni kweli nusu tu. Nusu nyingine nilikuficha, na hata sasa naona aibu kuiandika.

Kazi yangu unaijua: tunazamia kukagua nyavu za vizimba vya samaki. Maji ya huku yana baridi ambayo Juni ya kwetu haioni ndani. Kwa hiyo tunavaa suti isiyopitisha maji, na ndani yake unashindilia nguo za joto, sweta juu ya sweta. Zamani tulibeba mitungi ya hewa mgongoni, lakini ikawa inanasa kwenye kamba. Bosi akaamua tuibebe ubavuni, mmoja kila upande, kama punda wa maji. Akanituma mjini pamoja na Marek, Mpolandi ninayezama naye, tukachague mitungi na mikanda ya kuibebea. Agizo lake lilikuwa moja: kila mtu ajaribu mkanda wake akiwa amevaa suti na nguo zote za ndani, halafu mimi nijaze fomu.

Sasa wewe, Mama, hujawahi kumpa mteja kioo. Nakuona ulivyo, umenyanyua sweta, unamtazama mtu mabega mara moja: "We baba, beba hii. Ikikubana, njoo uniite mwongo mbele za watu." Anayejaribu nguo tano unamtania mpaka anaona haya. Nimekulia chini ya meza hiyo, na nilikuwa najivunia kwamba bega la mtu nalisoma kabla hajauliza bei. Basi Marek alipoanza kutoa suti kwenye begi pale dukani, nikamcheka. Nikamwambia mimi mtoto wa mitumba, kipimo chake ninacho machoni. Naye akacheka, akairudisha. Nikamchagulia mkanda uliomkaa vizuri sana juu ya fulana.

Kwenye mitungi ndiyo usiseme. Muuzaji alitushauri tuchukue ya chuma, maana kwa suti zile inafaa zaidi. Hubaki mizito hata hewa ikipungua. Mimi nikaona ya aluminiamu, iliyotumika lakini inang'aa, haina hata mkwaruzo. Grade one, kama mtumba usio na doa, nikajisemea, nikamchagulia Marek hiyo. Kwenye fomu nikaandika kwamba Marek amejaribu na nguo zote.

Wiki ya pili tukazama asubuhi. Marek alikuwa na sweta mbili nene, na mkanda ulimbana mabegani. Tulipofika chini, karibu na kitako cha wavu, kifaa cha kupumulia cha mtungi wake mmoja kikaganda kwa baridi, hewa ikawa inamwagika tu. Dawa yake ni kufunga koki ya mtungi huo. Koki iko kwapani, Mama, karibu kabisa. Nikamwona anapeleka mkono, unaishia njiani. Akajaribu tena, na tena. Nilipomfikia nikaifunga mimi, hewa nyingi ilishatoka na mtungi umekuwa mwepesi, unamvuta juu kama dumu tupu. Nikamng'ang'ania mguu, lakini tulipanda haraka kuliko inavyotakiwa, na mwili hauvumilii hilo. Yeye alilazwa siku mbili kwa maumivu ya viungo. Amepona, namshukuru Mungu.

Bosi akatuita ofisini. Akauliza, "Mkanda aliujaribu na nguo zote?"

Marek akanigeukia. Alikuwa ananiachia mimi niseme, maana ndimi niliyejaza fomu.

"Aliujaribu," nikajibu. "Labda siku ile aliongeza sweta."

Nilisema hivyo huku naangalia buti zangu. Marek hakubisha. Akatolewa majini, akapelekwa stoo ya chakula cha samaki. Mimi nikapongezwa mbele ya wote, nikapewa na kazi ya kuchagua vifaa vya timu nzima. Siku hiyohiyo nikakupigia, nawe ukapiga vigelegele: "Jicho hilo umelitoa kwangu, Ambakisye! Ndaga, Kyala! Asante, Mungu!" Nikakuacha ufurahi.

Kila asubuhi Marek alinisalimia kama kawaida, akanimiminia kahawa. Nilikuwa nakunywa nimempa mgongo. Halafu ukanieleza kwamba umesimama kanisani kushukuru kwa ajili yangu, ukatoa jogoo wako, akanadiwa baada ya ibada, watu wakagombania kumnunua.

Juzi Ijumaa nilikwenda kwa bosi, nikamwomba Marek awepo, nikasema yote. Bosi aliiweka fomu mezani akaniuliza kama huo ni mwandiko wangu. Nikasema ni wangu. Nimetolewa majini, na kama mkataba utaendelea sijui. Marek amerudishwa, na kazi ya vifaa kapewa yeye.

Jana akaniita nipimwe pamoja na wengine, ingawa kwa sasa sizami. "Vaa zote," akasema. Nikavaa sweta zote, nikavaa suti. Akanifunga mkanda, akaning'iniza mitungi ya chuma. "Gusa koki." Nikagusa. "Upande wa pili." Nikagusa. "Tena." Alinirudisha mara nne, na hakunitania hata kidogo. Ningependa anitukane.

Nisalimie dada Neema, mwalimu wetu wa Kihesa, na akija nyumbani umsomee barua hii bila kuruka mahali. Baba mdogo akirudi kutoka machimboni Chunya, mpe salamu zangu. Bibi wa Matema, aliyenifundisha kuogelea, mwambie namkumbuka.

Najua nakutwisha mzigo wa kurudi mbele ya watu waliokupongeza. Wakikuuliza, Mama, usiwaambie kwamba nilikosea kipimo. Waambie nilidanganya, na mwenzangu akaadhibiwa nikiwa namtazama.

Mwanao anayeshindwa kukutazama usoni hata kwenye karatasi,
Ambakisye